Kalamu Mbili za Mwalimu Wetu



Ndugu wasomaji, wiki hii twaacha kando maswali mliyotuletea, tupate kueleza jambo lililotufika sisi wenyewe. Ni habari ya kalamu mbili kuukuu, ya harufu zake, na ya safari ya Olympic, Kibera, ambayo tuliichelewesha kwa miaka 25. Mwishoni tuna ombi kwenu, na ni kwa ajili ya ombi hilo tumeishika kalamu.

Mwalimu wetu alikuwa Mnubi wa Kibera. Wazee wake walikuwa miongoni mwa askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, wakapewa makazi mwanzoni mwa karne ya 20 katika msitu ulio kusini-magharibi mwa Nairobi. Kibra, wasemavyo wenyewe, ndiyo msitu kwa lugha yao. Yeye alishuka Mombasa akiwa kijana kutafuta elimu, akaoa, akasomesha, akazeekea kwetu. Sisi tulisoma kwake tangu alifu hadi vitabu vya fiqhi. Familia yake imetuomba tusilichapishe jina lake, nasi twatii. Wenyeji wa mtaa watamjua bila ya kutajiwa.

Chuoni kwake tulianza kunusa kabla ya kusoma. Wino wa vibao aliutengeneza kwa mikono yake: masizi ya taa, maji, na gundi ya Kiarabu, yaani utomvu wa mgunga utokao Sudani. Masizi hayayeyuki, gundi ndiyo inayoyashika yasizame kidauni na kuyabandika juu ya ubao. Kesho yake kibao kikioshwa, gundi hulowa ikaachia, na masizi huondoka nayo, mwanafunzi akapata ubao safi wa somo jipya. Mwalimu alizoea kututania kwamba sisi watu wa pwani hatuwezi kuandika hata herufi moja mpaka Sudani itushike mkono. Wino huo ulinuka moshi. Wino wa kombe, wa zafarani na marashi, aliouandikia wagonjwa kwenye sahani nyeupe, ulinukia hadi barazani.

Mambo haya si mageni kwetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa wanakili wa misahafu. Lamu ilikuwa na Muhammad Kijuma, bingwa wa hati na wa nakshi za mbao. Na hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha Sahifa mwaka 1930, aliifungua njia ambayo majarida kama hili yaipita hadi leo.

Lakini wino wa masizi hauingii katika kalamu ya kujaza. Gundi yake hukauka ndani ya mfereji mwembamba wa kalamu na kuuziba. Kwa barua, kwa hati za ndoa na kwa fatwa, mwalimu alitumia wino wa chupa, wa buluu iliyokoza. Wino huo ulikuwa na harufu ya dawa ya hospitali, kwa kuwa watengenezaji walikuwa wakiutia fenoli kidogo usiote ukungu. Na kalamu za kujaza alikuwa nazo mbili tu maishani mwake.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nene, kazi ya India, ya eboniti. Eboniti ni mpira uliopikwa pamoja na kiberiti kingi, kile kiberiti cha unga cha manjano, hata ukawa mgumu kama pembe. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na kiberiti kidogo hukomaa ukaacha kunata. Ndugu yake Nelson alipata hataza ya mpira mgumu mwaka 1851. Ukaitwa kwa jina la mpingo kwa sababu ya weusi wake. Hukerezwa kwa kerezo kama matendegu ya kitanda, na huwa mwepesi, tena wenye joto mkononi. Ukiusugua kwa dole gumba, hutoa harufu ya kiberiti upele, ile dawa tuliyopakwa utotoni tulipowashwa. Sisi wanafunzi tulikuwa tukisema kalamu ya mwalimu ina upele, naye akacheka nasi.

Kiswahili kimetupa maneno mawili, kunuka na kunukia, lakini harufu ya kalamu ile hatukuweza kuitia katika lolote kati ya hayo. Haikuwa nzuri wala mbaya. Ilikuwa harufu ya mfuko wa kanzu yake.

Eboniti ina sifa nyingine iliyompendeza mwalimu kuliko weusi wake. Wino huilowesha na kutandaa juu yake, haujikusanyi matone kama maji juu ya jani la mgomba. Ndiyo maana kalamu nyingi nzuri, hata zilizo za vitu vingine, kiulimi kilicho chini ya nibu hufanywa kwa eboniti: wino hushuka sawasawa. Biro hutaka kusukumwa ili kigololi chake kizunguke. Kalamu ya wino ikigusa karatasi tu, wino hufuata. Mkono wa mwalimu ulikuwa umeanza kutetemeka, na alisema kalamu hii humwonea huruma. Twaomba mlikumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

Ya pili ilikuwa zawadi ya mwanafunzi aliyekwenda kufanya kazi melini. Ilikuwa na mistari ya rangi ya asali na kahawia, yenye kung'aa kwa ndani kama kaure iliyolowa. Hiyo ni seluloidi, plastiki kongwe kuliko zote zilizoenea duniani. Hutengenezwa kwa nyuzi za pamba zilizotiwa asidi kali, zikachanganywa na kafuri, kwa njia aliyoipatia hataza John Wesley Hyatt wa Marekani mwaka 1870. Bila ya kafuri kitu hicho hukakamaa na kuvunjika. Kafuri ndiyo inayokilainisha na kukipa uhai. Ukiifungua kofia ya kalamu kama hiyo na kuisogeza puani, waipata harufu hiyo mara moja.

Nasi watu wa pwani harufu hiyo twaijua kutoka mahali pengine. Kafuri bibi zetu waliiita karafuu maiti, kwa kuwa ndiyo itiwayo katika maji ya mwisho ya kumwoshea marehemu. Mwalimu alipoinusa kalamu ile mara ya kwanza, alitabasamu, akasema: «Hii imekuja imeshaoshwa.»

Nibu yake ilikuwa ya dhahabu. Wenye kutengeneza kalamu hupenda dhahabu kwa kuwa wino wenye asidi hula chuma lakini hauiwezi dhahabu. Mwalimu, kwa msimamo wa madhehebu yetu juu ya vyombo vya dhahabu, hakutaka kuiandikia. Basi mwaka 1999, alipokuwa mgonjwa na akajiandaa kurudi Nairobi kwa bintiye aliyekuwa akikaa Olympic, alitukabidhi kibweta chenye kalamu zote mbili. Nyeusi ilikuwa imeanguka na nibu yake ya chuma imepinda. Ya asali ilitakiwa kubadilishwa nibu na kibofu chake cha mpira kilichokauka, na ile dhahabu iwe ujira wa fundi. «Zikiwa tayari, niletee,» alituambia. «Au mpe mtu wa basi.»

Fundi alimaliza baada ya wiki mbili. Hapa ndipo aibu yetu ianzapo.

Tulisema tuijaribu nyeusi kidogo, tuone kama imepona. Tukaandika barua moja. Ikaandika vizuri mno. Tukaandika hati ya ndoa, kisha hotuba ya Ijumaa, kisha makala ya jarida hili. Kila wiki tulisema wiki ijayo twaipeleka stendi ya mabasi. Msomaji aliyepita katika mlango wa amana ajua hukumu: aliyewekewa kitu akakitumia bila ya idhini ya mwenyewe hatoki tena katika hali ya mwaminifu, kitu kikiharibika ni juu yake. Hukumu hiyo tulikuwa tukiisomesha kila mwaka, na kalamu iliyotumika kuiandika ubaoni ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa hoja dhidi yetu.

Mwaka 2001 ilitufikia habari ya kufariki kwake. Tulimswalia swala ya ghaibu. Kisha tukaona haya kuipeleka kalamu kwa wafiwa, na haya ikageuka miaka.

Siku moja wino ulikauka ndani yake. Kwa nia njema tukaichovya nyeusi katika maji ya moto, kama tuoshavyo birika. Tulipoitoa, weusi ulikuwa umekwenda. Ilikuwa na rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, kama jani la tumbaku, na chumba kizima kilikuwa na harufu ya kiberiti. Tukaiweka dirishani ikauke, na jua likamaliza yaliyobakia. Ya asali hatukuigusa. Tuliifungia katika mkebe wa bati usioingia hewa, tukidhani huko ndiko kuhifadhi.

Mwezi wa Shaaban mwaka 2024, katika kusafisha nyumba kabla ya Ramadhani, tuliufungua mkebe. Hatukuipata karafuu maiti. Ilitupiga harufu kali iliyochoma pua na kututoa machozi. Kishikizo cha chuma kilikuwa na kutu ya kijani, karatasi tuliyoiviringishia imegeuka manjano na kukatikakatika, na mwili wa kalamu umeingia nyufa ndogo ndogo ndani ya ile rangi ya asali.

Tulizichukua zote mbili kwa fundi mmoja mzee wa saa na kalamu. Hakuvaa miwani. Alizisugua kwa dole gumba na kuzinusa, moja baada ya nyingine, kama mnunuzi wa samaki, kisha akatufundisha tulichopaswa kukijua zamani.

Eboniti, alisema, adui zake ni mwanga na maji ya moto. Kiberiti kilicho juu ya uso wake huungana na hewa kikafanya asidi. Maji ya moto huharakisha jambo hilo, na weusi hupotea kwa dakika chache. Lakini ugonjwa huo ni wa ngozi. Ndani bado ni nzima.

Seluloidi ugonjwa wake ni wa ndani. Kafuri huiponyoka kidogo kidogo kwa miaka, nayo husinyaa. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi. Mvuke ukipata njia, kalamu huishi. Ukifungiwa mkebeni, huirudia kalamu na kuila, na kula kila kilicho karibu nayo. Kifo chake kina dalili mbili kwa mwenye pua: karafuu maiti huondoka, na ukali huja. Akatuonya pia tusiikaribishe motoni, kwa kuwa seluloidi hushika moto kwa haraka ya kutisha.

Alitutajia na nyingine. Ziko kalamu za zamani za kaseini, protini ya maziwa iliyogandishwa kwa dawa. Hizo zikiloweshwa hufura, na zikisuguliwa kwa nguvu zina harufu ya maziwa yaliyoungua. Iko plastiki ya asetati, ambayo ikizeeka hunuka siki. Na plastiki za siku hizi hazina harufu ya kusemwa. «Hizo,» alisema, «hazikwambii kitu mpaka zivunjike.»

Kisha akaishika nyeusi yetu, ile isiyokuwa nyeusi tena. «Hii, sheikh, niachie nusu saa. Nitaipiga msasa laini, nitaing'arisha, irudi kama ilivyotoka kwenye kerezo. Mwenyewe hatajua.»

Tulisimama kimya kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu wa umri wetu. Haikuwa kazi haramu. Mafundi huifanya kila siku. Lakini sababu yetu ya kuitaka haikuwa uzuri wa kalamu. Tulitaka mwenyewe asijue. Tulimshukuru, tukazifunga zote mbili katika karatasi, na wiki ile ile tukapanda treni Miritini.

Nairobi ilitupokea kwa baridi. Matatu ilitushusha Olympic, kando ya Kibera Drive, saa ya alasiri, wanafunzi wakitoka shuleni, moshi wa makaa na chapati za maji ukitanda juu ya vibanda. Upande mmoja ni nyumba za mawe na maghorofa; ukivuka barabara waingia Kianda, na mabati yashuka bondeni. Reli iliyoanzia kwetu Mombasa yapita humo Kibera. Tuliifikiria hiyo reli. Kila siku kwa miaka yote ile ilikuwapo njia ya kufikisha kalamu mbili.

Binti wa mwalimu ni mtu mzima sasa, mwenye wajukuu. Alitukaribisha, akatupa chai, akasubiri. Tulimweleza yote: kwamba tuliitumia, kwamba tuliichovya katika maji ya moto, kwamba ya pili imeoza mikononi mwetu.

Aliichukua ya eboniti, akaisugua kidogo, akainusa. Hakulia. Akasema: «Baba aliiulizia, Ustadhi.»

Tukanyamaza.

«Miezi yake ya mwisho alitaka kuandika wosia. Akasema kalamu yangu iko Mombasa, yaja. Tukangoja. Alipoona yachelewa tukampa biro ya mtoto.»

Aliingia chumbani, akatoka na bahasha. Wakati akiifungua tuliona, ukutani, picha ya wazee wa Kinubi siku ya hati ya ardhi. Mwaka 2017 Serikali iliwakabidhi hati ya jamii ya ekari 288, baada ya kuingoja kwa vizazi. Aliona tunaitazama. «Sisi ni watu wa kungoja karatasi,» alisema, bila ya hasira, na hilo lilituumiza zaidi.

Wosia ulikuwa wa ukurasa mmoja, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati tuliyoijua kama tujuavyo sauti. Mistari ya juu inasomeka. Kadiri ishukavyo, inafifia. Mkono haukuwa na nguvu ya kuisukuma biro, na kigololi hakikuzunguka. Mahali pengine hakuna wino, pana mkwaruzo tu. Mstari wa mwisho ni wa deni. Inasomeka kwamba anadaiwa shilingi 400. Kisha jina la mwenye kumdai: sini, na lamu, na baada ya hapo karatasi tupu.

Tuliiinamisha karatasi ile dirishani, tukaitazama kwa ubavu wa mwanga, tukapitisha kidole kwa nyuma kutafuta alama. Hatukupata zaidi ya herufi hizo mbili. Inaweza kuwa Salim, au Suleiman, au Salma. Familia imekuwa ikimtolea sadaka kwa nia ya mwenye deni kila mwaka tangu alipofariki. Lakini deni lina mwenyewe, nanyi mwajua uzito wa deni kwa aliyelala kaburini.

Kalamu ambayo ingeandika jina lile bila ya kusukumwa ilikuwa mfukoni mwetu wakati huo, ikiandika hotuba.

Tulimwomba radhi. Alifikiri, akajibu: «Upande wangu nimesamehe, Ustadhi. Wa Baba si wangu kuutoa.» Ni jibu sahihi kifiqhi, na hatukuwa na la kuongeza.

Ya eboniti aliibakisha. Mjukuu wake wa darasa la saba aliijaza wino palepale, akaandika jina lake, na wino ukashuka kama ulivyokuwa ukishuka zamani. Tulimwambia asiioshe ila kwa maji baridi na asiiache juani. Aliuliza kama rangi itarudi. Tulimwambia yuko fundi Mombasa awezaye kuirudisha, akitaka yeye. Akasema aiacha hivyo kwanza.

Ya seluloidi tulimweleza bibi yake hatari yake. Alitazama jiko, akatazama kitanda kilicho hatua tatu kutoka hapo. Mitaa ile inaujua moto kuliko sisi. «Basi hiyo rudi nayo,» alisema. «Niwekee.» Kwa hiyo tumerudi na amana ile ile kwa mara ya pili, safari hii kwa idhini ya kuiweka tu, na bila ya idhini ya kuiandikia. Ipo katika karatasi, kwenye rafu yenye hewa, mbali na jua na mbali na jikoni. Kila Ijumaa twainusa. Ukali umepungua. Karafuu maiti haijarudi, wala haitarudi.

Ndugu wasomaji, katika makasha yenu zimo kalamu za baba na babu. Zitoeni. Msizipime kwa kiberiti cha moto. Sugueni na kunusa. Yenye harufu ya kiberiti upele mwiepushe na jua na maji ya moto. Yenye harufu ya kafuri mwipe hewa na mwitenge na nyingine. Inayochoma pua itoeni haraka katika mkebe. Na kama kalamu hiyo si yenu, ipelekeni kwa mwenyewe wiki hii.

Sasa ombi letu. Yeyote miongoni mwenu ambaye jina lake, au la mzazi wake, laanza kwa sini na lamu, na ajuaye kwamba mwalimu wetu Mnubi, aliyesomesha Mji wa Kale hadi mwaka 1999, alikopa kwake shilingi 400, na atufikie baada ya swala ya Ijumaa. Deni hilo tumelibeba sisi, kwa ridhaa ya familia yake. Na kama alikwisha kumsamehe, na atwambie pia, tupate kuwapelekea habari Olympic. Safari hii hatutampa mtu wa basi, tutakwenda wenyewe.

Wabillahi tawfiq.